QSO 31 za Jumatatu: kisa cha logi ya CQ WW iliyokuwa na makosa mawili ya saa ndani yake

Hiki ni kisa cha mashindano ya redio ya ridhaa (amateur), ambako unaongea na stesheni nyingi uwezavyo, kila mawasiliano yanaitwa QSO na orodha yake ndo logi. Mwenye kisa amenipa ruhusa ya kukisimulia, jina lake na kolisaini yake (jina la stesheni hewani) naviacha, na kwenye mistari ya logi nitakayoonyesha nimeweka X na Y pale penye kolisaini halisi. Nakiandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wakishaona roboti ya shindano, yaani programu inayopokea na kusoma logi, imejibu kwamba logi imepokelewa wanafunga kompyuta na kwenda kulala, na mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Shindano lenyewe ni CQ WW SSB la 2024, yaani CQ World Wide upande wa sauti, lile la masaa 48, lilianza 0000 UTC (saa moja ya dunia nzima) Jumamosi tarehe 26 Oktoba likaisha 2359 UTC Jumapili tarehe 27, na mwisho wa kutuma logi ilikuwa 2359 UTC Ijumaa tarehe 1 Novemba. Siku tano tu. Dogo mmoja tunayeshirikiana naye kwenye mambo ya redio alikuwa anashiriki kwa mara ya kwanza, peke yake, wati 100, antena ya waya, programu ni N1MM Logger+, redio haijaunganishwa na kompyuta kwa kebo yoyote kwa hiyo kila akihama bendi alikuwa anaandika masafa mwenyewe, na pale alipoweka stesheni hakuna intaneti kabisa. Akapata QSO 287. Kwa mtu wa mara ya kwanza na waya ule, nilifurahi kweli.

Jumatano usiku akanitumia meseji: "Kaka, logi imekataliwa, nisaidie."

Kukataliwa kwa kwanza kulikuwa ni jambo dogo, nalipita haraka. Alikuwa ametuma faili la ADIF badala ya Cabrillo. Kwenye programu nyingi hivyo vitu viwili viko menyu moja na vyote vinaitwa kuexport, kwa hiyo mgeni anachukua chochote kinachotoka. ADIF ni ya kuhamisha kumbukumbu zako kutoka programu moja kwenda nyingine au kupeleka LoTW, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha QSO, imejaa alama za mabano makali na kila QSO inaishia na eor. Cabrillo ni faili la maandishi la kawaida, linaanza na START-OF-LOG na linaisha na END-OF-LOG, juu kuna kichwa chenye kategoria zako na chini kila QSO ina mstari wake. Ukilifungua tu kwenye Notepad unajua ni lipi. Akatengeneza Cabrillo, tukaangalia kichwa, CATEGORY-POWER ilikuwa imeandikwa HIGH wakati wati 100 kwa CQ WW ni LOW, tukarekebisha. Hiyo nayo ingemweka kushindana na watu wenye wati 1500 bila sababu. Akatuma tena.

Sasa ndo likaja jibu lenyewe. Roboti ikasoma faili, ikasema kuna mistari 31 ambayo muda wake uko nje ya shindano. Yote ni ya Jumatatu tarehe 28. Wa mwisho ulikuwa hivi, yaani masafa, PH ya sauti, tarehe, saa ya UTC, kisha kolisaini, ripoti ya usikivu 59 na zoni (namba ya eneo la dunia) ya kila upande:

QSO: 14210 PH 2024-10-28 0156 XX0XX 59 37 YY0YY 59 05

Dogo akaandika: "Kaka nadhani nilipitiliza muda, ngoja nifute hizi 31 nitume tena, zitabaki 256 si mbaya."

Hapa nilimzuia, na nataka nieleze kwa nini, maana wazo lake ni wazo ambalo karibu kila mtu angelipata na linafanya kazi vizuri sana kwa maana ya kwamba roboti ingenyamaza. Ukifuta mistari 31, faili linapita, unapata imeili ya kuthibitisha, umemaliza. Lakini wale watu 31 wa upande wa pili wao wana QSO yako kwenye logi zao. Mkaguzi akilinganisha atakuta wao wanasema waliongea na wewe, wewe unasema hujawahi kuwasikia, na wao ndo wanapigwa NIL, yaani haimo kwenye logi ya mwenzake. Kwa sheria za CQ WW NIL haiishii kukufuta ile QSO, wanakukata na adhabu juu yake mara mbili ya pointi za hiyo QSO. Kwa hiyo ungekuwa umewaadhibu watu 31 waliokupa namba zako kwa uvumilivu wakati sauti yako inasikika kwa shida. Ndo maana Cabrillo ina kitu kinaitwa X-QSO, kama kweli una QSO ambayo haistahili kuhesabiwa kwako unabadilisha tu neno la mwanzo wa mstari kuwa X-QSO, wewe hupati pointi na mwenzako haumii. Kufuta usifute.

Ila hata X-QSO haikuwa jibu hapa, kwa sababu swali lilikuwa bado halijaulizwa: inawezekanaje mtu apate QSO 31 za shindano baada ya shindano kuisha?

Aliyewahi kukaa kwenye redio mwisho wa CQ WW anajua kinachotokea. Inafika 0000 UTC na bendi inakatika kama mtu amezima taa, dakika moja kabla ilikuwa kelele tupu kuanzia chini mpaka juu, dakika moja baadaye unasikia watu wawili watatu wanapeana shukrani. Hakuna mtu wa kukupa 59 na zoni saa 0156. Nikamuuliza, "Ulimalizaje?" Akasema alikuwa anaendelea kuita, ghafla bendi ikafa, akazima. Basi. Hakupitiliza muda. Alimaliza pamoja na dunia nzima, ila kompyuta yake ilidhani ni karibu saa nane usiku UTC.

Kwa hiyo saa ya kompyuta ilikuwa mbele kwa karibu masaa mawili. Na kama saa ilikuwa mbele, basi tatizo haliko kwenye mistari 31, liko kwenye mistari yote 287. Zile 31 ndo zilizovuka mpaka wa usiku wa manane zikaonekana, zile nyingine 256 zimekaa kimya ndani ya masaa 48 na roboti haiwezi kuzijua kwa sababu roboti inaangalia tu kama tarehe na saa viko ndani ya dirisha. Na programu nayo isingemwambia kitu, kwa sababu kwenye shindano hili pointi zinatokana na bara na nchi, vizidishi (idadi inayozidisha pointi zako) vinatokana na zoni na nchi kwa kila bendi, saa haiingii popote kwenye hesabu. Matokeo yanatoka yale yale hata saa ikiwa imepinda kiasi gani.

Hapo mimi nikafanya haraka. Nikamwambia, rahisi, logi nzima tunairudisha nyuma dakika 120, programu ina amri ya kusogeza saa ya shindano zima kwa mkupuo. Ya mwisho itakuwa 2356 Jumapili, ya kwanza iliyokuwa 0710 Jumamosi itakuwa 0510, zote ziko ndani, roboti itafurahi. Tulibakiza kubonyeza tu.

Kilichonisimamisha ni kwamba mimi na yeye tulikuwa tumeongea kwenye shindano. Mara mbili. Tuko nchi moja, na QSO ya nchi moja kwenye CQ WW ina pointi sifuri, inasaidia kizidishi tu, wengi hawahangaiki nazo. Nikafungua logi yangu nione saa. Jumamosi kwenye mita 20 mimi nina 0842, yeye ana 0942. Saa moja. Jumapili kwenye mita 15 mimi nina 1315, yeye ana 1515. Masaa mawili.

Nikarudia kusoma mara tatu.

Niseme kabisa hapa kwamba tulilinganisha saa tu na si kitu kingine, kwa sababu sheria za CQ WW zinakataza wazi kusahihisha kolisaini na exchange (zile 59 na zoni mnazopeana) baada ya shindano kwa kutumia database, rekodi za sauti, imeili au njia nyingine yoyote. Alichosikia ndicho alichosikia. Kama alisikia kolisaini vibaya inabaki vibaya. Saa ya kompyuta siyo kitu alichosikia hewani, lakini hata hiyo nilitaka ushahidi ambao hautoki kwenye logi ya mtu mwingine, maana QSO mbili haziwezi kukuambia mabadiliko yalitokea wapi kati ya Jumamosi asubuhi na Jumapili mchana.

Nikamuuliza kama aligusa saa ya kompyuta. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, kabla ya shindano? Akasema aa, kabla ndiyo, kompyuta aliipata ikiwa imetumika, saa ilikuwa inaonyesha vibaya, akazima ile ya kujipanga yenyewe akaiweka kwa mkono ilingane na saa ya simu yake. Tukaangalia zoni ya muda. Ilikuwa bado ile ya mwenye kompyuta wa zamani, ya Ulaya ya kati.

Hapa ndo penye kiini cha kisa, naomba usome taratibu. Programu ya logi haichukui saa unayoiona pembeni ya skrini. Inaiuliza Windows "UTC ni ngapi", na Windows inatunza UTC kisha inaongeza tofauti ya zoni ndo inapata ile ya kukuonyesha. Ukibadilisha saa kwa mkono, unachofanya kiukweli ni kubadilisha UTC iliyo chini, kwa kupitia zoni iliyowekwa. Sisi tuko UTC jumlisha 3. Ulaya ya kati mwezi Oktoba bado wako kwenye saa za kiangazi, jumlisha 2. Akaweka 15:00 ilingane na simu, Windows ikatoa 2 ikapata UTC 13:00, wakati ukweli ilikuwa 12:00. Skrini sahihi, UTC mbele kwa saa moja. Hiyo ndo saa moja ya Jumamosi.

Na ya pili? Nchi za Ulaya zinarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 0100 UTC, na CQ WW SSB iko wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kwa kawaida vinaangukia pamoja. 2024 viliangukia pamoja. Usiku ule kompyuta, kwa kuamini iko Ulaya, ikarudisha skrini nyuma saa moja. Jambo hilo peke yake halina madhara, UTC haiguswi, tofauti ingebaki ile ile moja. Madhara yalikuja asubuhi.

Nikamwelekeza afungue Event Viewer, pale Windows inapotunza kumbukumbu za matukio, aende kwenye kumbukumbu za System atafute chanzo kinachoitwa Kernel-General, tukio namba 1. Windows inaandika pale kila saa inapobadilishwa, kutoka ngapi kwenda ngapi. Akapiga picha ya skrini akanitumia. Tarehe 27 Oktoba, kwa UTC ya kompyuta, saa imebadilishwa kwenda 06:52 kutoka 05:52.

Akakaa kimya kidogo halafu akaandika: "Kaka kweli. Niliamka saa mbili kasoro nikaona kompyuta iko nyuma ya simu, nikaiweka sawa. Nilisahau kabisa."

Ndiyo hiyo. Aliamka, ukweli ni 0452 UTC, saa za kwetu 7:52. Skrini inaonyesha 6:52 kwa sababu ya Ulaya. Akasogeza mbele saa moja, UTC ya kompyuta ambayo tayari ilikuwa mbele kwa saa moja ikawa mbele kwa mawili. Mtu alikuwa anarekebisha, na kila alichokiona machoni kilikuwa sahihi, simu na kompyuta vinalingana. Simlaumu hata kidogo. Kosa la aina hii halionekani mpaka uweke saa ya UTC ya kuaminika pembeni ya ile UTC ya kwenye programu na uzitazame pamoja, na nani anafanya hivyo saa mbili kasoro asubuhi katikati ya shindano.

Bahati nzuri ni kwamba alikuwa amelala. QSO yake ya mwisho Jumamosi ilikuwa na 2140 kwenye logi, ya kwanza Jumapili ilikuwa 0658, na badiliko liko katikati pasipo na QSO hata moja. Kwa hiyo mpaka ulikuwa safi kabisa: za Jumamosi 168 zinarudi saa moja, za kuanzia Jumapili 119 zinarudi masaa mawili. Kama tungebonyeza ile minus 120 yangu, zile 168 zingekuwa nyuma kwa saa moja badala ya mbele kwa saa moja, roboti ingekubali bila neno, na sisi tungejipongeza. Wakaguzi wana uwezo wa kugundua logi ambayo saa yake imepinda kwa kiasi kimoja, wanalinganisha na wenzako wote wanaona tofauti inajirudia, lakini logi yenye upindaji wa aina mbili ndani yake sikutaka kumwachia mtu anayejitolea muda wake akahangaike nayo wakati sisi ndo tuna Event Viewer.

Marekebisho yenyewe. Kwanza nakala ya database nzima, ile ya s3db, ikawekwa kwenye flashi na ikaachwa huko. Halafu tukaamua kurekebisha ndani ya programu na siyo kwenye faili la Cabrillo, ingawa Cabrillo ni maandishi tu na ungeweza kubadilisha hapo hapo. Sababu ni LoTW. Alikuwa bado hajapeleka kitu huko, na LoTW inakubali QSO ikiwa saa za pande mbili hazijapishana zaidi ya dakika 30, kwa hiyo logi yenye saa moja ya ziada isingempa uthibitisho wowote, na ukishapeleka QSO huko huna namna ya kuifuta mwenyewe, inabaki. Ukirekebisha Cabrillo peke yake, ADIF utakayoitoa mwezi ujao itatoka na makosa yale yale.

Tukasogeza shindano zima minus dakika 60. Hapo 168 zikawa sawa. Zile 119 zikabaki na saa moja ya ziada, na hizo tulizipitia moja moja, yeye anafungua na kubadilisha, mimi kwa simu nasoma na kuweka alama kwenye karatasi, masaa mawili na kitu. Inachosha lakini tulikuwa waangalifu hasa kwenye zile zilizovuka usiku wa manane maana hapo saa na tarehe vinabadilika pamoja, ukisogeza saa ukasahau tarehe unapata QSO ya Jumatatu saa tano usiku. Baada ya ile minus 60 zilizobaki na tarehe 28 zilikuwa chache kuliko 31, na mwisho hazikuwepo kabisa.

Kisha tukatengeneza Cabrillo upya. Nikamwambia ahesabu mistari inayoanza na QSO, 287. Ya kwanza 0610 tarehe 26. Ya mwisho:

QSO: 14210 PH 2024-10-27 2356 XX0XX 59 37 YY0YY 59 05

Dakika tatu kabla ya kufunga. Tukaangalia QSO zetu mbili, 0842 na 1315, sawasawa na zangu. QSO zilizorudiwa na stesheni ile ile tukaziacha zilivyo, hazina adhabu na kuzitoa kunaweza kumwumiza mtu. CLAIMED-SCORE, yaani alama unazodai, ilikuwa ile ile, kama tulivyotarajia. Kwenye SOAPBOX, sehemu ya maoni ya Cabrillo, akaandika mistari miwili kwamba saa ya kompyuta ilikuwa imekosewa na imerekebishwa kwa kumbukumbu za mfumo, Jumamosi dakika 60 na Jumapili 120, kolisaini na exchange havikuguswa. Naona hilo ni la heshima, mkaguzi akikuta kitu cha ajabu ajue kilichofanyika.

Alituma Alhamisi usiku, siku moja kabla ya mwisho. Faili jipya linachukua nafasi ya lile la mwanzo kwa hiyo hakuna cha kuomba kifutwe. Roboti ikajibu bila kosa hata moja, na safari hii nilimwambia aitunze ile imeili, na aende aangalie kolisaini yake kwenye orodha ya logi zilizopokelewa na kategoria iliyo mbele yake. LOW, bendi zote, bila msaada. Sawa.

Kabla ya CQ WW CW, ile ya Morse, ya mwisho wa Novemba tulibadilisha zoni ya muda, tukaunganisha kompyuta na intaneti ya simu dakika tano ili ijipange yenyewe, na kabla ya kuanza akafungua ukurasa wa saa ya UTC kwenye simu akaweka pembeni ya dirisha la programu. Sekunde zilikuwa zinalingana.

Ripoti ya ukaguzi ya SSB ilipokuja miezi kadhaa baadaye nilimwomba anitumie, nilikuwa nimeisubiri kuliko yeye. Kolisaini alizokosea zilikuwa tisa, za kusikia vibaya, kawaida kabisa kwa mtu mpya kwenye SSB. NIL zilikuwa nne kati ya 287. Mbili za Jumamosi asubuhi, moja ya Jumapili mchana, moja ya ule usiku wa mwisho, na katika zile 31 alizotaka kufuta, ni hiyo moja tu iliyopigwa NIL.